Mpira Mdogo na Upepo wa Kusi: Ufundishaji wa Gofu katika Shule za Msingi za Pwani

Kuanzia mwezi wa Aprili hata Septemba upepo wa kusi huvuma katika pwani ya Afrika Mashariki, na katika Juni, Julai na Agosti huvuma kwa nguvu za kuinamisha minazi. Katika miezi hiyo kipindi cha michezo, kwa shule nyingi zilizo karibu na bahari, hugeuka kuwa kipindi cha malalamiko. Mpira wa miguu ukipigwa juu huning'inia angani, kisha hurudi ulikotoka. Mpira wa pete haulifikii goli. Vumbi huingia machoni. Mwalimu hujaribu kwa dakika kumi, halafu huwarudisha watoto darasani wakaendelee kunakili ubaoni. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba upepo huohuo unaowafukuza watoto uwanjani waweza kutumika kuwa zana ya kufundishia, tena zana isiyonunuliwa, na kwamba mchezo uufaao kuliko yote kwa kazi hiyo ni gofu.

Tunajua kwamba pendekezo hili litawashangaza baadhi ya wasomaji wetu. Gofu huhesabiwa kuwa mchezo wa wenye fedha, na sifa hiyo haikuzuka bure. Klabu ya gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911, na uwanja wake wenye mashimo 9 umetandazwa juu ya mwamba wa matumbawe, mahali ambapo upepo wa Bahari ya Hindi haukutani na kizuizi chochote. Katika enzi ya ukoloni viwanja vya namna hiyo vilikuwa vya Wazungu, na mtoto wa Kiafrika aliyeingia humo aliingia akiwa amebeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine. Lakini wachezaji wengi hodari walioinukia baadaye katika nchi zetu walianzia hapohapo, chini ya ule mfuko. Hapana aliyewaandalia somo. Walitazama mpira ukienda, wakatazama ulikoangukia, na kesho yake wakakisia wenyewe kabla bwana hajapiga. Kwa mwalimu, habari hii ina thamani kubwa kuliko historia ya klabu yoyote, maana inatuonyesha njia ambayo mchezo huu hujifunzwa.

Zaidi ya hayo, gofu ni mchezo uliozaliwa penye upepo. Asili yake ni Uskoti, katika nyanda za mchanga zilizo kando ya bahari, na ulikuwa umewateka watu kiasi kwamba mwaka 1457 bunge la nchi hiyo liliupiga marufuku kwa kuwa uliwafanya vijana waache mazoezi ya upinde na mishale. Kwa sababu hiyo vitabu vingi vya mchezo huu husema juu ya upepo wa baridi, mvua ya manyunyu na masweta ya sufu. Mwalimu wa Tanga au Malindi asomapo vitabu hivyo hana budi kuchagua. Kanuni za mpira na hewa ni zilezile popote duniani. Masweta tuwaachie wenyewe.

Kwa nini basi gofu, wala si mpira wa miguu? Katika mpira wa miguu mtoto hukimbia, na akili yake hukimbia pamoja na miguu. Upepo ukimharibia pigo, mchezo umekwisha kwenda mbele kabla hajajiuliza sababu. Katika gofu mpira umetulia chini. Hapana adui anayeunyang'anya. Mchezaji husimama, huutazama upepo, hufikiri, huamua, ndipo apige. Na baada ya kupiga hubaki akiutazama mpira wake hata utulie. Mwendo huo wa kutazama, kukisia, kujaribu na kupima ndio tunaoutaka katika somo la Sayansi, nao hapa huja wenyewe ndani ya mchezo.

Kabla ya kwenda uwanjani mwalimu mwenyewe aujue upepo wa mahali pake. Wavuvi na manahodha wameupa majina tangu kale, na watoto wengi wa pwani wanayajua majina hayo vizuri kuliko walimu waliotoka bara. Si aibu kuwauliza. Kusi hutoka upande wa kusini-mashariki. Kaskazi, uvumao kuanzia Desemba hata Machi, hutoka upande wa kaskazini-mashariki, nao kwa kawaida ni mpole kuliko kusi. Juu ya pepo hizi za misimu kuna mabadiliko ya kila siku: alfajiri umande huvuma taratibu kutoka bara, ndio uwachukuao wavuvi kwenda baharini, na kadiri jua linavyopanda upepo wa bahari hushika nafasi yake na kuzidi nguvu mchana. Kwa hiyo somo la saa mbili asubuhi na somo la saa nane mchana, katika uwanja uleule na siku ileile, huwa masomo mawili tofauti. Mwalimu aliyepangiwa vipindi viwili kwa juma na aombe kimoja cha asubuhi na kimoja cha mchana, ili watoto wapate cha kulinganisha.

Lugha ya mabaharia itatufaa pia katika kuutaja upande wa upepo. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, na tezi ni sehemu ya nyuma. Upepo unaomjia mpigaji usoni tutauita upepo wa omo. Unaomsukuma mgongoni, upepo wa tezi. Na upitao kati kwa kati, upepo wa ubavuni. Maneno haya ni mafupi, mtoto huyashika mara moja, na yana faida ya kumkumbusha kwamba elimu ya upepo ilikuwapo nyumbani kwao kabla ya shule kujengwa.

Sasa tuuangalie mpira wenyewe. Kwa sheria za mchezo, mpira wa gofu haupaswi kuzidi uzito wa gramu 45.93, wala kipenyo chake kupungua milimita 42.67. Zamani Waingereza walitumia mpira mdogo zaidi kidogo, wenye kipenyo cha milimita 41.15, na wachezaji wa pwani zenye upepo waliupenda kwa kuwa hewa haikupata mahali pakubwa pa kuushika. Mpira huo uliondolewa kabisa katika sheria mwaka 1990. Tofauti ya milimita moja na nusu ilitosha kuleta mabishano ya miaka mingi. Tunaitaja habari hii ili mwalimu aone jinsi umbo la kitu linavyohusika na upepo, naye ataihitaji atakapochagua mipira ya darasa lake.

Mpira ukipigwa na fimbo yenye uso wa mshazari hupaa huku ukizunguka kinyumenyume, yaani sehemu yake ya juu hurudi upande wa mpigaji. Mzunguko huo huisukuma hewa chini, na hewa nayo huusukuma mpira juu. Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa hesabu katika miaka ya 1890 ni Peter Guthrie Tait, profesa wa chuo kikuu cha Edinburgh, ambaye mwanawe Freddie alikuwa bingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896 na 1898. Tait alionyesha kwamba bila mzunguko wa kinyumenyume mpira usingeweza kukaa angani kwa muda unaokaa. Basi hapa ndipo ilipo siri ya kucheza penye upepo wa omo. Mchezaji asiyejua huona upepo unampinga, naye hujibu kwa kupiga kwa nguvu zaidi. Nguvu huongeza mzunguko. Mzunguko, ukikutana na hewa inayokuja kwa kasi, huuinua mpira juu mno. Na huko juu upepo ni mkali kuliko chini. Mpira hupanda kama tiara, husimama, kisha huanguka karibu. Mchezaji ajuaye hufanya kinyume chake. Huchagua fimbo yenye uso ulio wima zaidi, ambayo siku ya shwari ingempeleka mbali kupita shimo. Huishika chini kidogo. Huuweka mpira karibu na mguu wake wa nyuma. Hupanua miguu ili asiyumbishwe. Kisha hupiga kwa utulivu, na mikono yake hukomea kifuani badala ya kwenda hadi juu ya bega. Mpira huenda chini chini, mahali ambapo nyasi, vichaka na nyumba zimekwisha kuupunguza upepo, na ukianguka huviringika.

Watu wengi hudhani kwamba upepo wa tezi humrudishia mchezaji kile alichonyang'anywa na upepo wa omo. Sivyo, na mwalimu wa Darasa la Sita au la Saba anaweza kulithibitisha kwa hesabu ndogo ubaoni. Uzuiaji wa hewa hufuata takriban kipeo cha pili cha kasi ya mpira ndani ya hewa. Mpira ukienda mita 20 kwa sekunde siku ya shwari, tunapata 20 mara 20, yaani 400. Ukipigwa kuukabili upepo wa mita 5 kwa sekunde, ni 25 mara 25, yaani 625. Ukipigwa pamoja na upepo huo, ni 15 mara 15, yaani 225. Upepo wa omo umeongeza 225, lakini upepo wa tezi umepunguza 175 tu. Mtoto aliyekuwa akiuliza vipeo vya pili vina kazi gani duniani atapata jibu lake hapa.

Upepo wa ubavuni una tabia yake. Kosa la kawaida ni kulenga shimo na kutumaini kwamba upepo utakuwa mwema. Mchezaji mzuri hulenga mahali pengine: mti, nguzo au kichuguu kilicho upande wa upepo utokako, akauachia upepo uulete mpira nyumbani. Jambo hili ni gumu kwa mtoto, si kwa mikono bali kwa moyo, kwa sababu ni lazima akubali kupiga mbali na kitu anachokitaka. Nahodha wa ngalawa hufanya hivyo kila siku, naye anaweza kutolewa mfano.

Neno moja juu ya unyevu wa pwani, maana utalisikia hata kwa wachezaji wazoefu. Husemwa kwamba hewa ya pwani ni nzito kwa sababu ya mvuke, ndiyo maana mpira hauendi mbali kama Nairobi. Nusu ya usemi huu ni kweli. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, hewa yake ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi huko. Lakini mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na hewa yenye mvuke mwingi ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto lileile. Kinachoufupisha mpira wa pwani ni usawa wa bahari, na wakati wa masika ni ardhi iliyolowa ambayo haiuachi mpira uviringike. Jasho la viganja nalo lina lake: fimbo iliyoteleza mkononi imeharibu mapigo mengi kuliko mvuke wote wa Zanzibar. Kila mtoto awe na kitambaa cha kujifutia.

Tuje sasa kwenye vifaa. Shule haihitaji uwanja wa gofu, wala fimbo za dukani. Mashimo tumeyatengeneza kwa makopo ya maziwa yaliyofukiwa ardhini, na bendera kwa vipande vya kanga vilivyofungwa kwenye mianzi. Fimbo huchongwa na watoto wenyewe katika kipindi cha Kazi za Mikono: mti ulionyooka, wenye urefu wa kutoka ardhini hadi nyongani mwa mtoto, na mwishoni kibao kilichopigiliwa imara. Zinatakiwa aina mbili, moja yenye uso wima na nyingine yenye uso wa mshazari. Mipira mikuukuu ya tenisi ndiyo inayofaa kuliko mipira halisi ya gofu, na hatusemi hivyo kwa sababu ya bei tu. Mpira wa tenisi una uzito wa gramu 58 hivi na kipenyo cha sentimita 6.6 hivi; upana unaoukabili upepo ni zaidi ya mara mbili ya ule wa mpira wa gofu, hali uzito umezidi kidogo tu. Hivyo upepo huushika upesi, na mtoto huyaona matokeo katika hatua thelathini badala ya mia moja na hamsini. Pia hauvunji kichwa. Mpira wa matambara uliofungwa vizuri kwa kamba waweza kutumika badala yake.

Kwa habari ya vichwa, mwalimu asifanye mzaha. Fimbo zinazozungushwa na watoto arobaini ni hatari. Wapigaji wasizidi watano kwa wakati mmoja, wakiwa wamesimama katika mstari mmoja, hatua sita kati ya mtu na mwenzake, na wengine wote wakae nyuma ya kamba. Hapana mtoto avukaye mstari kwenda kuokota mpira kabla ya filimbi. Sheria hii ikivunjwa mara moja, somo lisimamishwe siku hiyo.

Somo la kwanza lisiwe na fimbo. Watoto wapewe vitambaa vyepesi na mwanzi mrefu. Mmoja achuchumae akishika kitambaa karibu na nyasi, wa pili akishike usawa wa bega, na wa tatu akiinue kwa mwanzi juu kabisa. Wataona kwamba kitambaa cha chini kinatikisika tu wakati cha juu kimenyooka. Hapo waulizwe: mpira wetu tuupitishe wapi? Kisha watazame vilele vya minazi, na kulinganisha na nyasi zilizo kando ya jengo la shule. Mchezaji aliyejikinga nyuma ya ukuta huhisi shwari mashavuni, akapiga juu, na mpira ukivuka paa hunyakuliwa. Tunashauri mwalimu asiyaseme haya. Ayaache yatokee, kisha aulize.

Katika somo la pili watoto wapige kuukabili upepo, kila mmoja mara tatu kwa fimbo ya mshazari na mara tatu kwa fimbo wima, na wenzao wapime kwa hatua na kuandika. Wavulana wenye misuli watapiga kwa nguvu zao zote, na waachwe. Kwa fimbo zetu za mbao mzunguko wa mpira ni mdogo, kwa hiyo tusidai kwamba tumethibitisha kazi ya Tait, lakini tofauti ya mpira wa juu na mpira wa chini itaonekana wazi kwa yeyote ajuaye kuhesabu hatua.

Somo la tatu ndilo tunalolithamini kuliko yote. Kabla ya kupiga, kila mtoto huenda kuchomeka kijiti chenye jina lake mahali anapodhani mpira wake utatulia. Halafu hurudi, hupiga, na alama zake huhesabiwa kwa hatua zilizo kati ya kijiti na mpira. Hatua chache ndizo ushindi. Umbali wa pigo hauhesabiwi hata kidogo. Mpango huu hubadilisha darasa zima. Mtoto dhaifu, ambaye katika kila mchezo mwingine huchaguliwa mwisho na kuwekwa golini, anajua vizuri kabisa kwamba mpira wake hufika hatua kumi na mbili, naye huchomeka kijiti chake katika hatua ya kumi siku ya upepo wa omo, akapata. Mwenye nguvu huchomeka kwenye thelathini kwa ajili ya fahari, mpira ukaanguka kwenye kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza inambidi aende kumwuliza yule mdogo amejuaje. Tumekwisha kuyaona mazungumzo hayo, nayo hayahitaji mwalimu. Mwalimu mwanafunzi ambaye silika yake ni kuingia kati na kueleza, na ajizuie.

Baada ya masomo matano au sita, kijiti kiwekwe kwa upepo wa ubavuni, na baadaye kwa upepo wa tezi, ambao huwahadaa watoto kwa namna ya pekee: mpira hauanguki penye shimo bali huendelea kuviringika na kulipita. Hapo kijiti kimoja hakitoshi. Wape viwili, kimoja cha mahali pa kuangukia na kimoja cha mahali pa kutulia.

Matokeo yote yaandikwe katika daftari moja la darasa, pamoja na tarehe, saa na jina la upepo. Daftari la kusi lisitupwe muhula ukiisha. Kaskazi ufikapo, mashimo yaachwe palepale na mapigo yarudiwe. Shimo lililokuwa la omo huenda likawa la ubavuni, na vijiti vyote vitahama. Mkaguzi akifika katikati ya kipindi atawakuta watoto arobaini wamenyamaza, nyuso juu, wakitazama vilele vya minazi, na yumkini atauliza kwa nini hawachezi. Apewe kijiti, aandike jina lake, achague mahali.